Je, nchi inaweza kuzungumza na hasimu wa mshirika wake bila kumsaliti mshirika?

Mdadisi wa Mdahalo

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandaa mdahalo wa wanafunzi wanaosoma uhusiano wa kimataifa, na hoja tuliyoipanga inasema kwamba nchi iliyofunga mkataba wa ulinzi na nchi nyingine haina haki ya kujenga uhusiano wa kawaida na hasimu wa nchi hiyo. Mwanzoni niliiona hoja hii nyepesi, nikadhani hatapatikana mtu wa kuitetea. Nilipowapigisha wanafunzi kura ya awali, zaidi ya nusu waliiunga mkono, na mmoja wao akanipa jibu ambalo limenikaa kichwani hadi leo: ukimwona rafiki yako anakula na mtu anayetaka kukuchomea nyumba, hutauliza walikula nini, utauliza walisema nini.

Najua kwamba nchi hazina budi kuzungumza na kila mtu, na najua kwamba kila mazingira yana yake, kwa hiyo naomba tusiishie hapo. Ninachotafuta ni mpaka wenyewe. Ni wakati gani mazungumzo na hasimu yanabaki kuwa diplomasia ya kawaida, na ni wakati gani yanageuka kuwa undumilakuwili? Kama ipo mifano ya kihistoria ambayo wanafunzi wanaweza kuichambua pande zote mbili, nitashukuru.

Karani wa Zamani

Ndugu Mdadisi, mwanafunzi wako amegusa penyewe. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwandika kumbukumbu za vikao katika wizara ya mambo ya nje ambayo sitaitaja, na nchi yetu wakati huo ilikuwa na mshirika aliyekuwa na ugomvi wa muda mrefu na jirani yake. Kabla ya ujumbe wetu kusafiri kwenda kwa huyo jirani, tulikuwa tukiandaa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya waziri, yenye hoja za kuzungumzia. Ya pili ilikuwa ya balozi wa mshirika wetu, nusu ukurasa tu, ikieleza tunakwenda lini, tutazungumza nini, na zaidi ya yote, ni mambo gani hatutayagusa hata tukiulizwa.

Safari moja karatasi ya pili ilichelewa kwa sababu aliyepaswa kuitia saini hakuwepo, na balozi akaipata habari katika gazeti la asubuhi. Alikuja bila miadi. Alikaa kwenye kiti cha mapokezi, gazeti limekunjwa juu ya magoti, na alipoingizwa ndani hakuuliza hata mara moja ni nini kilichozungumzwa huko tulikokwenda. Alitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba yeye hastahili kuambiwa. Hatukuwa na jibu, kwa kuwa hakuna aliyeamua. Ulikuwa uzembe wa ofisi. Hata hivyo hilo halikumsaidia kitu, kwa sababu serikali yake haikuwa na njia ya kutofautisha uzembe na makusudi, na kwa miezi iliyofuata kila tulichosema kilipimwa mara mbili.

Kwa kipimo kikubwa zaidi, tazama yaliyoipata Japani. Mwezi Julai 1971 Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa Rais Nixon wa Marekani, alikwenda Beijing kwa siri akipitia Pakistan, na tarehe 15 mwezi huo Nixon akatangaza kwamba naye atakwenda China. Waziri Mkuu Eisaku Sato, ambaye serikali yake kwa miaka mingi ilikuwa imesimama na Marekani katika suala la China hata pale msimamo huo ulipomgharimu kisiasa nyumbani, aliarifiwa dakika chache tu kabla ya tangazo. Cha ajabu ni kwamba miezi michache baadaye, katika Umoja wa Mataifa, Japani bado iliungana na Marekani kujaribu kuinusuru nafasi ya Taiwan, iliyokuwa imekalia kiti cha China, na wote wawili wakashindwa Oktoba 25. Kisha Sato akaondoka madarakani, mrithi wake Kakuei Tanaka akaenda Beijing, na Septemba 29, 1972 Japani ikaanzisha uhusiano rasmi na China. Marekani yenyewe haikufika hapo hadi Januari 1, 1979. Mshirika aliyefichwa safari alimpita aliyemficha, kwa zaidi ya miaka sita.

Basi mpaka wa kwanza ninaouona mimi ni huu: mshirika wako amelisikia kutoka kwako au kwa watu? Wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la adabu na si la siasa. Mimi nasema kwamba katika ushirika wa ulinzi adabu ndiyo siasa yenyewe, maana mkataba wa ulinzi ni ahadi ya jambo ambalo bado halijatokea, na anayeahidiwa hana kingine cha kupimia ahadi hiyo isipokuwa mwenendo wako wa leo.

Msomaji wa Ulaya ya Kale

Kwa heshima zote kwa Karani, historia ina mfano mkubwa unaopinga hoja yake. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alifunga ushirika na Austria-Hungaria mwaka 1879, ushirika uliolenga hasa hatari ya kushambuliwa na Urusi. Kisha Juni 18, 1887 akasaini na Urusi hiyo hiyo mkataba wa siri wa miaka mitatu, ambao wanahistoria huuita Mkataba wa Bima, na Vienna, yaani serikali ya Austria-Hungaria, haikuambiwa neno. Kila upande uliahidi kutoegemea kokote ikiwa mwenzake ataingia vitani na dola nyingine kubwa, isipokuwa Ujerumani ikiishambulia Ufaransa au Urusi ikiishambulia Austria-Hungaria. Ukiusoma kwa jicho la mwanasheria, haukuvunja ahadi ya 1879 hata kidogo, kwa sababu ahadi ya 1879 ilikuwa ya kujihami na mkataba mpya uliiacha palepale. Bismarck alipoondoka mwaka 1890, waliomfuata walikataa kuuongeza muda kwa kuona kwamba haupatani na uaminifu kwa Austria-Hungaria. Matokeo yake Urusi ilikwenda kwa Ufaransa, na kufikia 1894 ushirika wao ulikuwa umekamilika.

Wanafunzi wajiulize: ni nani aliyemlinda mshirika vizuri zaidi, aliyemficha akaizuia Urusi isimwendee adui, au waliokuwa waaminifu wakamwachia mshirika wao mzigo wa vita vya pande mbili?

Karani wa Zamani

Mfano mzuri, ila umeishia kwenye vifungu vya wazi. Ule mkataba ulikubali kwamba Urusi ndiyo yenye sauti kubwa Bulgaria, mahali palepale ambapo Austria-Hungaria na Urusi zilikuwa zikigombania. Ulikuwa pia na itifaki ya ziada, ya siri zaidi, iliyoahidi kuiunga mkono Urusi kidiplomasia endapo ingehitaji kuulinda mlango wa Bahari Nyeusi. Na katika mwaka huo huo Bismarck alikuwa akiihimiza Austria-Hungaria ielewane na Uingereza na Italia ili kuizuia Urusi kule kule. Mwanasheria ataona mikataba miwili isiyogongana. Mimi naona mtu anayeuza shamba moja kwa wanunuzi wawili na kuomba Mungu wasije siku moja.

Tena kuna jambo dogo linalonichekesha na kunisikitisha kila ninapolikumbuka. Wakati wa majadiliano ya 1887, Bismarck alimsomea balozi wa Urusi, Pavel Shuvalov, maandishi ya mkataba wa 1879 ambao wakati huo bado ulikuwa siri. Yaani hasimu aliambiwa siri ya mshirika, na mshirika hakuambiwa siri ya hasimu. Ukitaka kujua mtu anamwamini nani, angalia nani anasomewa karatasi za nani.

Kuhusu Urusi kukimbilia Ufaransa, nakubali kwamba waliomfuata Bismarck walifanya kosa, lakini kosa lao lilikuwa kuukata uzi wote badala ya kuuweka mezani kwa namna ambayo Vienna ingeweza kuistahimili. Kati ya kuficha na kukata kulikuwa na njia ya katikati, na hawakuijaribu.

Mlinda Kumbukumbu

Ninyi mnaendelea na madola makubwa, nami naomba niwageuzie darubini. Mmekuwa mkiuliza mwenye mshirika afanye nini asije akamkosea mshirika. Hakuna aliyeuliza mshirika ana haki ya kudai kiasi gani.

Tuchukue Tanzania ya 1964 na 1965. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki na kupokea msaada wake. Tanganyika kwa upande wake ilikuwa na uhusiano mzuri na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikitoa misaada mingi, ukiwamo wa mafunzo ya kijeshi. Ulipokuja Muungano Aprili 26, mambo ya nje yakawa ya Muungano, na nchi mpya ikajikuta imerithi marafiki wawili wasiosalimiana. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na kanuni yake ya tangu 1955, Kanuni ya Hallstein, kwamba anayeitambua Ujerumani Mashariki ameitendea uadui Ujerumani Magharibi, na haikuwa maneno matupu, maana Yugoslavia ilikatiwa uhusiano mwaka 1957 na Cuba mwaka 1963.

Mwalimu Nyerere hakukataa kusikiliza. Alitafuta njia ya kuikidhi Bonn bila kuidhalilisha Zanzibar: ubalozi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Zanzibar usiendelee kuwa ubalozi, na badala yake Berlin Mashariki ipewe konseli kuu, yaani ofisi isiyo na hadhi ya ubalozi, Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Kwa mtu asiye na haraka, hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa matakwa ya Bonn. Bonn iliona haitoshi, na mapema 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Hapo Nyerere akasema, kama msaada ni kamba ya kuvutia sera yetu ya nje, basi chukueni na uliobaki. Hayo ni maneno yangu, si yake, lakini kitendo ni chake: aliitaka Bonn iuondoe msaada wake wa kiserikali wote, na nchi changa ikabaki na pengo.

Naomba wanafunzi wasilisome tukio hili kama ushujaa tu, kwa sababu hasara ilikuwa ya kweli. Walisome kama swali la ukubwa wa dai. Mshirika au mfadhili ana haki ya kutaka usimsaidie hasimu wake kumdhuru. Hana haki ya kukuchagulia wa kumsalimu. Tena tazama mwisho wake: Desemba 21, 1972, Ujerumani Magharibi yenyewe ilisaini mkataba wa msingi wa uhusiano na Ujerumani Mashariki. Walichotuadhibia kwa konseli moja, wao walikifanya kwa mkataba kamili, na miezi tisa baadaye Wajerumani wote wawili wakaingia Umoja wa Mataifa siku moja.

Mdadisi wa Mdahalo

Mlinda Kumbukumbu, umenifungua macho upande ambao sikuufikiria, nami nitauweka kama hoja ndogo inayojitegemea: wajibu wa mshirika anayedai uaminifu.

Hata hivyo kuna tatizo moja ambalo bado linanisumbua katika majibu ya Karani. Anasema mshirika aambiwe mapema. Lakini je, kama kumwambia mapema ni kuyaua mazungumzo yenyewe? Nimesoma kuhusu Desemba 1978, ambapo Rais Carter alitangaza tarehe 15 kwamba Marekani itaitambua Beijing. Rais wa Taiwan, Chiang Ching-kuo, aliamshwa usiku wa manane na balozi wa Marekani, saa chache tu kabla ya tangazo, akaambiwa kwamba uhusiano rasmi utakatika na kwamba mkataba wa ulinzi wa 1954 utafikia kikomo. Washauri wa Carter waliogopa kwamba Taiwan ikijua mapema, marafiki zake ndani ya Bunge la Marekani wangeyavuruga mapatano. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Sasa, mtu aliye katika hali kama hiyo afanye nini?

Karani wa Zamani

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na sitajifanya kwamba lina dawa moja. Ila naomba tutenganishe vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya watu huchanganywa kila siku: kuarifu na kuomba ruhusa. Wengi huficha kwa sababu wanaamini kwamba wakimwarifu mshirika watakuwa wamempa kura ya turufu. Si lazima iwe hivyo.

Mtazame Willy Brandt. Oktoba 1969, kabla hata hajaapishwa kuwa Kansela wa Ujerumani Magharibi, alimtuma msaidizi wake Egon Bahr Washington kumweleza Kissinger kwamba serikali mpya itafungua mazungumzo na Moscow na nchi za mashariki. Kissinger mwenyewe aliandika baadaye kwamba Bahr alikuja kumpa taarifa na hakuja kumwomba ushauri. Wamarekani hawakufurahi, walikuwa na mashaka kwamba Wajerumani wangevutwa polepole watoke katika kambi ya magharibi. Lakini hawakuweza kusema kwamba wamezungukwa.

Jambo la pili alilofanya Brandt, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, ni kwamba hakuuza kisichokuwa chake. Hatima ya Berlin ilikuwa mikononi mwa madola manne yaliyoshinda vita, na Bonn haikujaribu kuipatana na Moscow kwa niaba yao. Iliposaini Mkataba wa Moscow Agosti 12, 1970, ilikuwa imekwisha kuwaandikia washirika wake kwamba haki za madola hayo haziguswi. Kisha ikasema kwamba haitauridhia mkataba huo mpaka mapatano ya kuridhisha kuhusu Berlin yapatikane. Mapatano hayo yalisainiwa na madola manne Septemba 3, 1971, na Bunge la Bonn likapitisha mikataba Mei 1972. Maana yake ni kwamba Moscow, ili ipate ilichokitaka kutoka Bonn, ililazimika kwanza kuwatendea haki washirika wa Bonn. Mazungumzo na hasimu yalimwongezea mshirika mali, hayakumpunguzia.

Linganisha na Doha, Februari 29, 2020. Marekani na Taliban walitia saini makubaliano, na serikali ya Afghanistan iliyokuwa Kabul, mshirika wa Marekani kwa karibu miaka 20, haikuwa mezani. Ndani ya makubaliano hayo mliandikwa kwamba wafungwa hadi 5,000 wa Taliban wangeachiliwa, wengi wao wakiwa katika magereza ya serikali hiyo hiyo isiyokuwepo. Kesho yake Rais Ashraf Ghani alisema kwamba serikali yake haikuahidi kitu kama hicho, na alisema kweli. Miezi iliyofuata alibanwa mpaka akawaachilia. Waswahili tunasema asiyekuwapo na lake halipo, na sijapata kuona mahali ambapo msemo huo umetimia kwa uchungu kuliko hapo. Kosa la Doha halikuwa usiri, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba mazungumzo yanaendelea. Kabul iliarifiwa, mali yake ilitolewa hata hivyo.

Kwa hiyo Taiwan ya 1978, kwa maoni yangu, iko katikati. Carter alikuwa na haki ya kumtambua amtakaye, na mkataba wa 1954 wenyewe uliruhusu upande wowote kujitoa kwa kutoa notisi ya mwaka mmoja, notisi ambayo aliitoa. Alichokosea ni kule kumwamsha mshirika usiku wa manane. Bunge lilikasirika, na Aprili 1979 likampa sheria ya uhusiano na Taiwan iliyokuwa na makali kuliko aliyoyaandaa yeye, ikiwa na kifungu cha kuendelea kuiuzia Taiwan silaha za kujihami. Aliogopa kuvurugiwa kabla, akavurugiwa baadaye.

Msomaji wa Ulaya ya Kale

Nakubali kushindwa nusu. Nusu iliyobaki ni hii: mifano yenu yote inadhani kwamba aliye katikati anajiamini. Uturuki ni mwanachama wa NATO, na mwaka 2019 ilipokea mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 iliyoinunua Urusi, ikijua kwamba itaondolewa katika mradi wa ndege za kivita za F-35 unaoongozwa na Marekani, ikaondolewa kweli. Mwaka 2022 nchi hiyo hiyo iliutumia Mkataba wa Montreux wa 1936 kuzifunga njia zake za kuingilia Bahari Nyeusi kwa meli za kivita za pande zinazopigana, ikaendelea kuiuzia Ukraine ndege zisizo na rubani, na bado Julai mwaka huo Urusi na Ukraine zote zilikwenda Istanbul kutia saini mpango wa kusafirisha nafaka. Washirika wake walinung'unika juu ya mitambo, na washirika hao hao walishukuru kwa nafaka. Lakini ni mtu mmoja mwenye mlango mmoja. Kama angekuwa mtiifu kwa kiasi ambacho wanafunzi wa Mdadisi wanakitaka, sidhani kama Moscow ingeupokea mwaliko wake.

Mlinda Kumbukumbu

Hapo umesema la maana, ila usizichanganye. S-400 zilikuwa silaha za hasimu zilizowekwa ndani ya nyumba ya ushirika. Nafaka ilikuwa mazungumzo. Mimi ningekuwa jaji wa mdahalo ningeihukumu ya kwanza na kuitetea ya pili, bila kuona aibu yoyote kwamba ni serikali moja.

Mdadisi wa Mdahalo

Nawashukuru wote. Nimeamua kuibadilisha hoja. Haitauliza tena kama kuzungumza na hasimu ni halali. Itasema kwamba nchi inayozungumza na hasimu wa mshirika wake inapaswa kumwarifu mshirika hata pale ambapo taarifa hiyo inaweza kuyavunja mazungumzo. Nadhani hapo kura haitakuwa rahisi kwa upande wowote.

Na kabla ya mdahalo kuanza nitafanya zoezi dogo. Mwanafunzi yule aliyesema habari ya kuchomewa nyumba nitamweka awe Japani, nimwache aandae hotuba ya kuitetea sera ya Marekani kuhusu China mbele ya wenzake, na dakika tatu kabla hajasimama nitampelekea kikaratasi chenye tangazo la Julai 15. Nitawaletea hapa atakachosema.